Kasri la Kamukuzi, Mbarara: Nani Atawale, Nani Atunze?

Kasri la Kamukuzi mjini Mbarara lilikuwa makao ya ukoo wa wafalme wa Nkore katika enzi ya ukoloni. Historia yake inafungamana na Omugabe Kahaya II, aliyetawala hadi 1944, na mrithi wake, Gasyonga II. Katiba ya Uganda ya 1967 ilipofuta falme, nyumba hiyo ilipoteza mwenyewe pamoja na kazi yake. Mwaka 1993 sheria iliruhusu watawala wa jadi kurejeshewa mali zao, na Buganda ikapata tena mfalme. Kutawazwa kwa John Barigye mwaka huohuo hakukutambuliwa na serikali. Tangu hapo hatima ya jengo, ambalo uchakavu wake umeripotiwa mara kwa mara, imefungwa katika mgogoro wa kiti.

Kasoro ya mjadala huu ni kuchanganya maswali mawili: nani atawale, na nani atunze. Watetezi wa ufalme huliona kasri kama rehani ya kiti. Wapinzani, ambao hawajasahau utabaka baina ya Bahima na Bairu, huhofia kwamba kukarabati paa ni kumtawaza mfalme kimyakimya. Hofu hiyo ina msingi, lakini hitimisho lake si sahihi. Jengo likianguka, hata anayelalamikia utabaka hupoteza ushahidi wake.

Makumbusho ya Igongo, huko Biharwe, huonyesha vyombo na desturi za kusini-magharibi mwa Uganda. Kazi hiyo ni ya thamani. Hata hivyo, chombo kilichoondolewa nyumbani hueleza matumizi, hakielezi mahali. Katika makazi ya Nakivale, wilayani Isingiro, ndani ya eneo la Nkore ya zamani, wakimbizi kutoka Rwanda, Burundi, Kongo na Somalia wanalielewa jambo hili: nyumba iliyoachwa hubaki katika simulizi, nazo simulizi hufa na wasimulizi.

Sheria ya Makumbusho na Mambo ya Kale ya 2023 inatoa nafasi ya kutenganisha maswali hayo. Kasri lihifadhiwe kama turathi ya umma bila kuamua suala la kiti. Ukoo wa kifalme ushirikishwe katika utunzaji. Kumbukumbu za Bahima na Bairu zirekodiwe kwa Runyankore na Kiswahili. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Hapa ukuta ukianguka, utakaojengwa hautakuwa uleule.