Mahali Bila Watu, Watu Bila Mahali

Nianze kwa kukiri kosa. Mwaka 2009 Steven Kanumba alipoingia kama mgeni katika jumba la Big Brother Africa, sisi wa vijiweni tulimcheka Kiingereza chake. Nami nilicheka, tena kwa sauti. Wakati huo Bariadi ilikuwa bado mkoa wa Shinyanga, kwa hiyo tuliyemcheka alikuwa mtoto wa nyumbani. Halafu mcheka mwenyewe nilikuwa na daftari lenye mianzo ya skripti tatu, na mwisho wa hata moja sina!

Kanumba alizaliwa mwaka 1984 mkoani Shinyanga. Alipitia Kaole, kundi la maigizo la Dar es Salaam, akawa mwigizaji, mwongozaji na mtayarishaji. Mwaka 2006 ikatoka Dar 2 Lagos, aliyocheza na Wanaijeria. Baadaye Devil Kingdom, akiwa na Ramsey Nouah. Hakungoja kuitwa, bwana. Alifariki tarehe 7 Aprili 2012 akiwa na miaka 28, mwaka uleule Simiyu yetu ilipozaliwa kama mkoa.

Lakini machozi siyo uhakiki. Katika filamu zake nilizoziona kwenye mabanda ya video kuna geti, sofa, gari la fahari na mapenzi yaliyoingia nyongo. Watu wake nawajua: wanavyodanganyana, wanavyosameheana. Ila ukiondoa Kiswahili, nyumba ile ingeweza kuwa Lagos au popote pale. Shamba la pamba sikuliona. Vumbi la kwetu sikuliona. Alifika mbali, lakini hakutuonyesha alikotoka.

Sasa mgeukie Mjerumani Bernhard Grzimek. Yeye na mwanawe Michael walikuja na ndege iliyopakwa milia ya punda milia, wakahesabu wanyama wa Serengeti kutoka angani. Michael alikufa ndege hiyo ilipoanguka Januari 1959. Filamu yao, Serengeti haitakufa, ikapata tuzo ya Oscar mwaka 1960. Kutoka Bariadi ukiteremka hadi Lamadi, lango la Ndabaka la hifadhi hiyo liko jirani kabisa. Yaani mojawapo ya filamu zilizovuma sana kuhusu nchi hii inahusu uwanda unaopakana na mashamba yetu.

Sikatai, ni kazi kubwa. Ile misafara ya nyumbu ukiitazama unasahau kupepesa macho. Lakini Grzimek aliamini hifadhi isikaliwe na watu, na imani hiyo imo ndani ya kamera yake. Kutoka juu, mnyama ni uzuri, boma ni doa. Mwaka 1959 Wamasai walihamishwa Serengeti wakapelekwa Ngorongoro. Anayelima pembezoni na kuamka akakuta tembo wamepita shambani, katika filamu ile hapewi nafasi ya kusema neno.

Basi mmoja alitupa mahali bila watu, mwingine akatupa watu bila mahali. Na wote wawili walivuka mipaka! Hapo kijana wa Bariadi unaweza kudhani kwamba ili uwe mtengeneza filamu wa kimataifa, lazima uache nusu ya ulichonacho nyumbani.

Siyo kweli, na shahidi ninaye. Mwaka 1992 Mtanzania Flora M'mbugu-Schelling alitoa These Hands, filamu ya dakika kama 45. Inaonyesha wanawake wakimbizi wa Msumbiji wakiponda mawe kwa mikono katika machimbo nje ya Dar es Salaam. Hakuna sauti ya bwana mkubwa anayekueleza uhisi nini. Kuna nyundo, kuna jiwe, kuna mtoto pembeni, kuna wimbo. Mahali pamo, watu wamo, na filamu ilisafiri hadi Marekani na kusomeshwa vyuoni. Hakukuwa na ndege wala sofa.

Ndugu zangu waandishi chipukizi, tunalalamika sana kwamba hatuna kamera. Kamera leo imo kwenye simu. Tusichokuwa nacho ni ukurasa uliokamilika. Nenda kituo cha kununulia pamba msimu ukifika. Mtazame mzee anavyokodolea macho mshale wa mzani, huku karani akiandika. Kati ya macho yale na kalamu ile kuna ada ya mtoto, kuna deni la mbegu na dawa, kuna ndoa. Hapo una filamu, na hujasema neno bado.

Kanumba alithubutu kutoka na Kiingereza kilekile tulichokicheka. Deni letu kwake siyo kumlilia kila Aprili. Ni kuandika ile sehemu ambayo hakuwahi kuiandika. Mimi nimeanza: juzi nimemaliza skripti moja. Ni mbovu, lakini ina mwisho.