Weka Kamera Kwenye RAW Leo Leo, Utanishukuru!

Jamani, jamani, jamani! Kompyuta bado ina moto, chai imepoa bila kuguswa, na lazima nikwambie sasa hivi kabla sijapasuka: kama una kamera inayohifadhi picha za RAW na hujawahi kuzifungua kwenye darktable, programu ya kuhariri picha, basi picha zako mwenyewe hujaziona. Hujaziona kabisa! Umeona robo yake tu, tena ile robo iliyochoka.

Nimetoka kufungua picha za Kwihara, lile tembe la Livingstone nje kidogo ya mji wa Tabora, na nakuapia, chumba kilichokuwa cheusi tii kwenye kioo cha kamera kina ukuta, kina boriti, kina mikwaruzo ya plasta, kina vumbi linaloelea kwenye mwale mwembamba wa jua! Vyote vilikuwa mle mle ndani ya faili, vimetulia tuli, vinasubiri mtu aburute kidude kimoja kuelekea kulia.

Najua utaniuliza RAW ni nini, basi sikia haraka haraka. Kamera ikikupa JPEG imeshakuamulia kila kitu: mwanga kiasi hiki, rangi namna hii, na kile ilichoona hakifai imekitupa, hakirudi. JPEG ni ugali ulioshasongwa; RAW ni unga, na mwiko umeshika wewe! Tarakimu nakupa hizi tu, halafu basi: JPEG ina ngazi 256 za mwanga kwa kila rangi, na RAW ya kamera nyingi za leo ina ngazi 16,384. Elfu kumi na sita na ushee! Hapo ndipo boriti za Kwihara zilipokuwa zimejificha.

Na hakuna mahali pa kuijaribia kama Tabora, wallahi. Jua la kiangazi la Unyamwezi unalijua: kali, jeupe, halina huruma. Linapiga kuta za tembe zilizopakwa rangi ya damu ya mzee, huku ndani ya vyumba giza limekaa zito kama lilivyokaa tangu Stanley na Livingstone walipofikia hapa wakitoka Ujiji, kabla Stanley hajaanza safari ya kurudi pwani Machi 1872. Nje kunawaka, ndani kumezima, na kamera katikati inachanganyikiwa. Ukipima mwanga wa ndani, uani kunaungua kukawa kweupe pe. Ukipima wa nje, ndani kunakuwa kaburi. Mimi nikapimia nje, nikabonyeza, nikaja nayo nyumbani. Nikasogeza kile kidude cha mwanga taratiiibu, na nakshi za mlango zikaanza kutokeza, mkunjo baada ya mkunjo, laini, nzito, zenye kina, utadhani naweza kuzipapasa kwa kidole. Nikapiga ukelele. Jirani akagonga ukuta. Sikujali!

Na bado! Kuna rangi. Unajua jinsi picha za ndani zinavyotoka na unjano ule wa ajabu ajabu, kila mtu kama ana homa? Unaionyesha programu sehemu ya picha iliyo nyeupe au ya kijivu, ukurasa wa karatasi au shuka, mara moja! Unjano unafyekwa, ukuta unarudi kwenye rangi yake, ngozi za watu zinarudi zilivyo, nyeusi, zenye kung'aa, zenye uhai. Kisha nikafungua picha za miombo ya kule njia ya Urambo, ule msimu mvua zikikaribia na majani machanga yanachipua mekundu, ya shaba, ya machungwa, yote kwa pamoja. Kwenye JPEG wekundu wote ule ulikuwa umeganda bonge moja. Kwenye RAW, kila jani na wekundu wake! Ule moshi wa misitu unaotanda mwishoni mwa kiangazi nao una dawa yake. Kuna sehemu ya kuondoa ukungu, unaiwasha, na miti ya mbali inapiga hatua mbele kama imeitwa majina.

Na bado! Stesheni ya Tabora usiku, pale reli ya kati iliyofika mwaka 1912 inapogawana, moja ikiendelea Kigoma, nyingine ikikata kwenda Mwanza. Taa chache, abiria wamekaa juu ya mizigo, ndoo za asali zimefungwa vizuri, wewe umepandisha usikivu wa kamera kwa mwanga mpaka picha imejaa chengachenga kama mchanga. Darktable inazitambua kamera nyingi pamoja na chengachenga zake, kwa hiyo unaiwasha sehemu ya kusafisha, unasubiri kidogo, kompyuta inapumua kwa nguvu, halafu... halafu basi! Giza la usiku linakuwa laini, safi, jeusi la kweli, na sura ya mama aliyeegemea kikapu inabaki ilivyo, na uchovu wake wote wa safari.

Kilichonimaliza kabisa ni hiki: huharibu kitu. Burura, geuza, kata, chafua utakavyo, faili la asili haliguswi hata chembe! Programu inaandika maagizo yako kwenye kifaili kidogo cha pembeni, na kila hatua imepangwa kwenye orodha. Hukuipenda? Bonyeza hatua ya nyuma. Umechukia yote? Rudi mwanzo, picha ni mbichi kama siku uliyoipiga. Woga wote unakwisha, unacheza kama mtoto kwenye mvua ya kwanza.

Hebu mfikirie mpelelezi James Grant. Mwaka 1860 yeye na mpelelezi mwenzake Speke walitoka pwani kuifuata njia hii hii ya misafara kuelekea Kaze, yaani Tabora yetu, na Grant alikuwa na kamera. Kusafisha picha kulitaka ajifungie kwenye kihema chenye giza na vibao vyake vya vioo na dawa, ndani ya joto lile, mpaka Speke akamkataza akiogopa atakufa, na Grant akashika kazi ya kuchora kwa mkono. Mtu nusura apoteze roho kwa ajili ya picha! Mimi nimekaa kwenye kiti, feni inazunguka, chumba changu cha giza kiko ndani ya laptopu, na sijalipa hata senti. Ndiyo, bure! Darktable ni ya bure kabisa tangu ilipoanza mwaka 2009, inakaa kwenye Windows, Mac na Linux, na gharama yako ni bando la kuipakua tu.

Haya, ina makali yake, sikufichi. Ukiifungua mara ya kwanza utaona vidude vimejaa kila kona mpaka kichwa kizunguke. Usiviguse vyote! Anza na vinne: mwanga, rangi, kunyoosha na kukata, kusafisha chengachenga. Hivyo tu vinatosha kukulaza usiku wa manane. Pia mafaili ya RAW ni mazito, yanakula memori kadi bila aibu, kwa hiyo beba ya akiba. Na RAW si mganga: mbingu iliyoungua ikawa nyeupe pe hairudi kwa dua wala kwa programu. Ndiyo maana nasema pimia mwanga pale panapowaka zaidi, giza utalifukua baadaye.

Ukimaliza kupendezesha, sasa ndiyo unatoa nakala ya JPEG ya kurusha kwenye simu za ndugu na jamaa, ukubwa unaoutaka wewe, na RAW yako inabaki kabatini salama salimini. Huna kompyuta? Baadhi ya simu zinahifadhi RAW kwenye hali ya Pro, kwa faili la DNG, na Snapseed inalifungua bila kulipia. Si raha ileile, lakini kiu utaikata.

Hukumu yangu? Kwa anayeanza, hakuna fedha utakayotumia kwenye lenzi mpya itakayokupa furaha hii, hakuna! Basi fungua menyu ya kamera sasa hivi, tafuta pale pa ubora wa picha, weka RAW na JPEG kwa pamoja. Jumamosi panda bodaboda mpaka Kwihara, omba ruhusa ya kupiga, ingia kile chumba cha giza na upige ukielekea mlangoni. Usiku fungua darktable, sogeza mwanga kulia. Jirani akigonga ukuta, mwite aje aone!