Majina Mengi, Maneno Machache: Albamu ya Kwanza ya Scooter

Wapo wahakiki ambao wakikabidhiwa kazi yoyote ile, swali lao la kwanza ni moja tu: ujumbe uko wapi? Na mimi nilikuwa mmojawao. Katika semina moja nilisimama nikatamka, tena kwa kujiamini kabisa, kwamba ...and the Beat Goes On!, albamu ya kwanza ya kundi la Kijerumani la Scooter iliyotoka mwaka 1995, ni kelele tupu. Haina dhamira, nikasema, kwa hiyo haina cha kuhakikiwa. Wenzangu wakacheka, tukapita. Leo nairudia hukumu ile, maana nimeisikiliza upya nikaona kwamba nilikurupuka.

Kwanza tuwajue wasanii wenyewe. H.P. Baxxter na Rick J. Jordan waliwahi kuwa pamoja katika Celebrate the Nun, kundi la Hannover lililoimba nyimbo za kawaida, zenye beti na kibwagizo. Baadaye wakawa mafundi wa kuzitengeneza upya nyimbo za wengine. Mwaka 1994, wakiwa na Ferris Bueller, walitoa "Vallée de Larmes", wimbo wa René et Gaston walioupiga upya. Kumbe basi hawa si watu wasiojua kutunga beti! Waliziacha kwa makusudi, na uamuzi wa msanii ni jambo la kuhakikiwa.

Hebu tuutazame "Hyper Hyper" (1994), uliofika nafasi ya pili katika chati za Ujerumani. Hauna kisa wala hoja. Mtu anapaza sauti juu ya mdundo na kutaja majina ya ma-DJ: Westbam, Marusha, Carl Cox, Sven Väth, Laurent Garnier, na wengine wengi. Nilipoambiwa hilo halina maudhui nilikubali. Lakini jamani, darasani si tunasoma tungo za sifa? Tunafundishwa kwamba kulitaja jina mbele ya hadhira ni tendo, wala si habari tu. Fanani akiita, waitwa wanakuwapo. Kwa kipimo hicho, wimbo huu una maudhui: unaikusanya jamii ya watu wa tekno na kuiambia kwamba ipo.

Hata hivyo, kipimo hichohicho ndicho kinachouumbua. Msifu hodari hulivika jina matendo: nani alifanya nini, wapi, na kwa ushujaa gani. Baxxter anayataja majina yakiwa uchi. Hatujui Marusha amesifiwa kwa lipi wala Cox ametofautianaje na Väth. Isitoshe, wapenzi wengi wa tekno ya vilabuni waliwaona Scooter kuwa wafanyabiashara waliovamia shughuli isiyo yao. Ukilijua hilo, orodha ile inageuka sura. Inafanana na mtu aliyekuja harusini bila kualikwa, akawaamkia wazee mmoja mmoja kwa majina ili pasiwe na wa kumwuliza amealikwa na nani. Ni ujanja mzuri, nakiri, na ni wa kale sana katika kazi ya usifu. Lakini ni ujanja.

Jambo la pili ni hadhira. Wimbo unaanza kana kwamba tuko ukumbini na umati unashangilia. Umati huo umo ndani ya rekodi. Katika fasihi simulizi hadhira humjibu fanani, na inaweza hata kumzomea. Hii ya Scooter haiwezi kukataa. Hapo ndipo ninapoiona kasoro kubwa ya albamu: inataka joto la utendaji bila hatari yake.

Na nyimbo nyingine je? "Move Your Ass!" ni amri kwa mwili, kwa mdundo wa mapigo zaidi ya 150 kwa dakika. "Friends" una sauti iliyoharakishwa hadi ubinadamu wake unapotea, ilhali jina lake ni la urafiki. "Rhapsody in E", ambamo mwitaji amekaa kimya, unapendeza sikioni, lakini ungeweza kuwa wa kundi lolote. Kimya hicho kinathibitisha kwamba nguvu ya Scooter imo katika ile sauti inayoita. Historia nayo imeunga mkono: Ferris aliondoka mwaka 1998, Jordan mwaka 2014, na Baxxter akaendelea kuita.

Hukumu yangu basi? Albamu hii si kazi kubwa, na sitamlaumu atakayeizima baada ya nyimbo tatu. Ila aizime kwa sababu sahihi. Tukisema haifai kwa kuwa maneno yake ni machache, kesho tutazitupa na ngoma zetu ambazo kiitikio chake ni neno moja, linaloimbwa hadi alfajiri. Walimu wangu mtanisamehe: semina ile nilihesabu maneno, nikasahau kusikiliza.