Mvumo wa Nebraska

Anayeanza kurekodi nyumbani huambiwa kwanza aue kelele. Zima feni, chomoa friji, tundika blanketi dirishani, na kitakachobaki kifute kwa programu. Ushauri wa blanketi ni mzuri. Ule wa mwisho nina ugomvi nao, na nikiusikiliza tena mkanda wa Nebraska wa Bruce Springsteen, ugomvi unazidi.

Januari 1982, katika nyumba ya kupanga huko Colts Neck, New Jersey, Springsteen alirekodi nyimbo zake kwa TEAC Portastudio 144, mashine ya njia nne iliyotumia kaseti ya kawaida, na maikrofoni mbili za Shure SM57. Ilikuwa rasimu ya kuisikilizisha bendi. Bendi ikaingia studio, sauti ikatakata, nyimbo zikapoa. Mwaka huohuo ikatolewa kaseti ileile, ambayo alikuwa akitembea nayo mfukoni bila kasha, pamoja na mvumo wake.

Wapo wanaousifu mvumo huo kana kwamba ndio ulioleta upweke wa albamu. Sikubali. Kaseti mbovu zimejaa duniani, na nyingi zina ubovu tu. Upweke umo katika uandishi: muuaji, mwenye madeni, polisi anayemwacha nduguye atoroke. Mvumo una kazi ndogo zaidi, nayo ni kutobadilika. Upo kabla ya gitaa kuanza, upo gitaa likinyamaza. Sikio linauzoea upesi na kuuacha, kama watu wa pwani wasivyosikia tena bahari.

Sasa sikiliza mashairi mengi tunayorekodi vyumbani. Msomaji anasema mstari, na nyuma yake feni inazunguka. Akinyamaza, programu inafunga kila kitu, kimya kama cha kaburi. Akifungua kinywa, feni inarudi naye. Kelele ambayo tungeisahau sasa inapiga hodi kila sentensi! Pamoja nayo imekatwa pumzi ya kabla ya neno zito, na pumzi hiyo ni sehemu ya shairi. Usafishaji ukizidi, hata “s” na “sh” hulowa, kwa sababu programu huzidhania ni mvumo. Mshairi aliyepima mizani yake kwa wiki nzima anasikika kama anasoma ndani ya ndoo ya maji, na msikilizaji anadhani hajui kusoma.

Kazi ifanywe kabla ya kubonyeza kitufe. Ukiisogelea maikrofoni kutoka sentimita 40 hadi 20, sauti yako huongezeka kwa takriban desibeli 6, ilhali feni iliyo mbali inabaki karibu palepale. Friji ikizimwa kwa dakika 20 maziwa hayachachi. Bodaboda ikipita, ngoja, rudia mstari.

Kuna mahali katika “State Trooper” ninapoparudia mara kwa mara. Gitaa linatembea chini kwa chini, sauti ya mwimbaji ni ya mtu anayejizuia, halafu kuelekea mwisho anapiga ukelele. Unashtua kwa sababu chumba ni kilekile, mvumo ni uleule, na hakuna mlango uliofunguliwa ili kumpisha.