Swali Lisilomwona Bibi Harusi: Uhakiki wa Matumizi ya grep katika Uchunguzi wa Riwaya za Kiswahili

Programu ya grep, iliyoandikwa na Ken Thompson katika Maabara za Bell mwaka 1973, hutumika kwa amri za kuchapa. Mtafiti huandika ruwaza ya herufi, nayo programu husoma faili mstari kwa mstari na kutoa kila mstari wenye ruwaza hiyo. Kwa mhakiki mwenye riwaya kadhaa katika kompyuta, wepesi huo ni neema. Hata hivyo, hoja ya makala haya ni kwamba ruwaza yenyewe ni uamuzi wa kiuhakiki, na inastahili kuhakikiwa.

Kitenzi -oa kinatosha kuthibitisha hoja hii. Mtafiti wa suala la ndoa akitafuta herufi "oa", atapata "alioa" na "ndoa", pamoja na "toa", "doa" na "mkoa". Kasoro hiyo huonekana, hivyo husahihishwa. Kasoro kubwa zaidi haionekani. Katika kauli ya kutendwa kitenzi hicho huwa -olewa, na humo herufi "oa" hazifuatani. Kwa mazoea ya Kiswahili, mwanamume huoa na mwanamke huolewa. Basi swali hilo humhesabu bwana harusi na kumwacha bibi harusi nje ya takwimu, wala programu haitoi onyo lolote.

Marekebisho nayo yana mitego yake. Ruwaza "olewa" huzoa pia "tolewa" na "ondolewa". Ikitanguliwa na viambishi vya njeo -na-, -li-, -me- na -ta- pekee, humpoteza mhusika ambaye "hajaolewa". Na kwa kuwa inaishia na irabu a, humpoteza pia yule anayesema "siolewi". Wanaotoweka, kwa hiyo, ni wanawake wanaosubiri ndoa au wanaoikataa.

Hesabu pia hupotosha. Chaguo la -c huhesabu mistari, si matukio. Neno likijitokeza mara mbili katika mstari mmoja, huhesabiwa mara moja.

Hatari huongezeka swali linapohifadhiwa katika faili la amri na kukabidhiwa watafiti wengine. Kosa la mmoja hugeuka kuwa mbinu ya wengi, na jedwali safi hulificha.

Hazina ya Matini ya Kiswahili ya Helsinki, ambayo maneno yake yamechanganuliwa kimofolojia, hupunguza tatizo hilo kwa kuwezesha utafutaji wa mzizi. Haimwondolei mhakiki wajibu wa kusoma: -oza ya baba anayemwoza binti na -oza ya embe zina umbo moja.

Kwa hiyo, tasnifu inayotoa takwimu za aina hii haina budi kuambatisha ruwaza kamili, na mtafiti aijaribu kwanza kwenye sura moja aliyoihesabu kwa mkono. Bila hayo, msomaji anapewa jibu pasipo kuonyeshwa swali.