Sitrati Inapomrudia Mchangiaji

Katika aferesisi, damu hutolewa mshipani na kuzungushwa kwa kasi mashineni hadi itengane kulingana na uzito wa chembe zake. Chembe sahani au plazma hukusanywa mfukoni, kisha damu iliyobaki humrudia mchangiaji. Shughuli huchukua saa moja hadi mbili. Mashine za awali za kazi hii zilibuniwa Marekani miaka ya 1960 na taasisi ya taifa ya saratani pamoja na kampuni ya IBM.

Damu isigande mirijani, huchanganywa na sitrati, ambayo huikamata kalsiamu inayohitajika katika mgando. Tatizo ni kwamba sehemu kubwa ya sitrati haibaki mfukoni. Huingia mwilini na damu inayorudi, ikaendelea kukamata kalsiamu ambayo neva na misuli huitegemea. Ini, figo na misuli huivunja sitrati upesi, kwa hiyo madhara hutokea inapoingia haraka kuliko inavyovunjwa. Watu wenye miili midogo, wanawake wengi wakiwemo, huelemewa mapema zaidi.

Dalili ya kwanza ni midomo kusisimka au kufa ganzi, kisha ncha za vidole. Wengine huhisi ladha ya chuma mdomoni, baridi, au mtetemo kifuani. Wachangiaji wengi hunyamaza wakidhani ni jambo dogo, ndiyo maana muuguzi mzoefu huuliza kuhusu midomo bila kungoja malalamiko. Hali ikiachwa, huja kichefuchefu na misuli kukaza hadi vidole vipinde vyenyewe. Kwa nadra sana mapigo ya moyo huvurugika.

Hatua ya kwanza ni kupunguza kasi ya kurudisha damu. Vidonge vya kalsiamu vya kutafuna husaidia, na blanketi huondoa baridi. Dalili zikizidi, kazi husimamishwa. Kalsiamu ya mshipani ni uamuzi wa daktari.

Madhara mengine yanafanana na ya uchangiaji wa kawaida, isipokuwa moja lina ukali wake. Sindano ikihama kutoka mshipani wakati wa kurudisha, pampu huendelea kusukuma damu chini ya ngozi, na mkono huvimba ghafla. Maumivu yoyote hapo ni sababu ya kusimamisha mashine mara moja. Kuzirai nako hutokea, pengine mtu anaponyanyuka kitini, hivyo hukalishwa kwanza na kupewa kinywaji.