Mlango Huanzia Kwenye Nyumba

Fundi alifika saa tisa alasiri, saa ambayo maseremala wengi wa Bariadi wako kwenye karakana wakikimbizana na oda. Hakuja na ubao wala msumeno. Alikuwa na futi ya mkanda mfukoni, penseli sikioni na daftari la shule lililokunjika pembe. Alimsalimu mama yangu kwa Kisukuma, "Mwadila, mayu," akaitikiwa, akaomba maji ya kunywa, kisha akavuta kigoda chini ya mwembe na kukaa akiutazama ukuta wa mbele wa nyumba. Alikaa hapo karibu nusu saa. Mimi nilikuwa na haraka ya kurudi mjini, nikadhani anapumzika. Kumbe alikuwa ameshaanza kazi.

Nyumba yenyewe haina makuu. Ni ya tofali za kuchoma, paa la bati la mgongo wa tembo, baraza fupi na sakafu ya saruji nyekundu. Wazazi wangu waliijenga kidogo kidogo kwa fedha za pamba, msimu baada ya msimu, kama zilivyojengwa nyumba nyingi za huku kwetu Ntuzu. Mlango wake wa kwanza, wa mbao, uliliwa na mchwa kuanzia miguu ya fremu. Miaka michache iliyopita niliubadilisha mimi. Niliingia dukani, nikachagua mlango wa chuma uliochapwa michirizi ya mbao, unaong'aa, nikaupakia kwenye guta na kuamini nimemfanyia mama jambo kubwa.

Ukuta ule unatazama magharibi. Jua la alasiri lilipoushika, kitasa hakikushikika kwa mkono mtupu. Mama alifungua mlango wake mwenyewe kwa ncha ya kanga. Baada ya masika mbili kutu ilianza kutambaa kutoka chini. Na hata kabla ya kutu, jambo fulani halikukaa sawa. Mlango ule ulikuwa mrefu na mpana kuliko ukuta ulivyoweza kuubeba, na mng'ao wake uliyafanya matofali yaonekane machakavu. Mpita njia aliuona mlango, hakuiona nyumba.

Ndiyo sababu nilimwita fundi. Sasa aliinuka kwenye kigoda, akakung'uta suruali, na hakuniuliza nataka mlango wa aina gani. Alimuuliza mama. Asubuhi unafungua saa ngapi? Mvua ya upepo hutokea upande gani? Mbuzi huwa wanapitia wapi? Ukikaa kuchambua mboga, unakaa ndani ya mlango au nje? Mama alijibu moja baada ya jingine, kwa furaha ya mtu ambaye hajawahi kuulizwa. Ndipo fundi akanigeukia: "Mwanangu, mbao zipo na mashine zipo. Tuisikilize nyumba kwanza."

Tangu siku hiyo nimeacha kuamini kwamba mlango wa nje huchaguliwa dukani. Dukani unachagua bidhaa. Mlango huanzia kwenye nyumba, na anayeweza kuuona kabla haujakuwepo ni fundi aliyekuja kuitazama.

Wajenzi wa pwani walilijua hili zamani. Husimuliwa kwamba Zanzibar mwenye uwezo alisimamisha mlango kwanza, kisha nyumba ikajengwa kuufuata. Ukipita vichochoro vya Mji Mkongwe utaona kwa nini simulizi hiyo inaaminika: miimo, kizingiti cha juu na mfaa wa katikati vimechongwa kwa kipimo cha ukuta ule ule mnene wa mawe na chokaa. Mlango wa namna hiyo ulizunguka kwa ncha zake zenyewe, moja juu na moja chini, pasipo bawaba za kununua. Pembeni huchongwa mnyororo, chini samaki, juu yungiyungi au mtende. Beit al-Ajaib, jumba alilojenga Sultani Barghash mwaka 1883, liliwekwa milango mikubwa ya aina hiyo, nayo ilipendeza kwa sababu kuta zake, nguzo zake na dari zake zilikuwa kubwa vilevile.

Nimeona watu wa kwetu wakitamani milango hiyo yenye miiba ya shaba. Asili ya miiba ile husemwa ni India, ambako iliwekwa kuzuia tembo wasibomoe mlango kwa vichwa. Ilipofika Zanzibar, kusiko na tembo, ikawa pambo na alama ya heshima. Sisi wa mkoa wa Simiyu tembo tunao. Hutoka Serengeti na Pori la Akiba la Maswa wakaingia mashambani Meatu, Itilima na Busega, na huko wanakijiji hukesha shambani kuwafukuza, kwa kuwa tembo anafuata mahindi, si milango. Kila nakshi ina kwao na ina kazi iliyoizaa. Ukiihamisha bila kuijua unabaki na shaba tu.

Kwetu pia kulikuwa na namna ya kuingia nyumbani. Mji wa Msukuma ulizungushiwa minyaa, ng'ombe wakiwa zizini ndani ya ua na msonge ukiwa na mlango mfupi. Aliyeingia aliinama. Kuinama huko kulikuwa salamu kabla ya salamu, na adui hakuweza kuingia mbio. Misonge imepungua sana, lakini somo lake liko wazi: urefu wa mlango, upande unaotazama na namna unavyompokea mtu vyote vilikuwa na maana.

Leo Bariadi inajengwa upesi. Mkoa wetu wa Simiyu ulianzishwa mwaka 2012 kwa kumega Shinyanga na sehemu ya Mwanza. Sensa ya mwaka huo ilihesabu watu zaidi ya milioni 1.5 mkoani, na ile ya 2022 zaidi ya milioni 2.1. Watu wameongezeka na nyumba zimeongezeka, na karibu kila nyumba inahitaji mlango wa mbele na wa uani. Ukitoka Lamadi kuja Bariadi, ukaendelea hadi Maswa, utaziona za kila aina zikipakana: za tofali za kuchoma zenye madirisha madogo, za bloku zenye bati la rangi, na zile za kontemporari ambazo paa limefichwa nyuma ya ukuta na madirisha ni ya alumini. Tatizo ni kwamba nyingi zinavikwa mlango mmoja, ule ulioko dukani wiki hiyo.

Fundi wangu hakuwa na chuki na chuma. Alinionyesha duka la jirani, lenye bidhaa ndani na lisilo na mtu usiku, akasema hapo chuma ndicho kinachofaa. Kwa nyumba ya kontemporari angetengeneza mlango mpana usio na nakshi, mbao zikilala kwa ulalo mmoja, maana nyumba ile ni ya mistari mirefu. Kwa nyumba ya mama, yenye ukuta mfupi na madirisha ya vioo vidogo vidogo, alichora mlango wa futi tatu kwa futi saba wenye paneli sita, upana wa kila paneli ukikaribia upana wa kioo kimoja cha dirisha. Alipima kioo kwanza, ndipo akachora paneli. Sikuwahi kufikiri kwamba mlango na dirisha vinaweza kupatana.

Mbao aliyoitaka ni mninga. Haioti kwetu; hutoka kwenye misitu ya miombo ya Tabora na Katavi, na ikifika sokoni inapaswa kuwa imegongwa nyundo ya TFS, Wakala wa Huduma za Misitu. Mninga ukikatwa hutoa utomvu mwekundu kama damu. Mbao yake ikikauka vizuri haisinyai sana wala haipindi ovyo, ndiyo maana fundi huipa mlango unaopigwa na jua la magharibi. Lakini mti huo huchukua miongo mingi kufikia unene wa kupasuliwa. Hapa Usukumani tunaijua thamani ya mti kwa kuwa tuliwahi kuupoteza: nchi ilifyekwa katika vita dhidi ya mbung'o na kwa ajili ya mashamba ya pamba, hadi mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulipoanza mwaka 1986, Bariadi, Maswa na Meatu zikiwa bado Shinyanga, na kuwahimiza watu warudishe ngitili za wazee wao, yale maeneo yanayofungwa mifugo isiingie ili majani na miti viote. Mtu aliyeona kilima kikirudi kuwa kijani hachezei ubao. Mlango utakaodumu miaka arobaini ni mti uliotumika mara moja. Mlango wa kubadilisha kila baada ya miaka mitano ni hasara kwa mfuko wako na kwa msitu pia.

Nilikwenda karakana kumwona akiufanya. Chini kulikuwa na vumbi la mbao hadi kwenye vifundo vya miguu, na harufu ya mninga ilikuwa imejaa mle ndani. Alipiga randa vipande vya fremu ya mlango, akachonga ulimi kwenye ncha za vile vya kulala na kutoboa tundu kwenye vile vya kusimama, ulimi uingie tundu kwa kugongwa na wala si kwa kusukumwa. Alitia gundi kwenye ndimi. Kwenye paneli hakutia hata tone. Nilimuuliza kama amesahau.

"Hapana," akasema, huku akiitikisa paneli moja ndani ya mfereji wake, ikasogea kidogo sana kwa sauti kavu. "Mbao hupumua kwa upana. Masika inanenepa, kiangazi inakonda. Ukiigundisha, itapasuka katikati. Iachie nafasi ya kupumua."

Kisha akaupima mlango kona kwa kona, mara mbili kwa kukatiza, hadi vipimo viwili vikalingana. Hapo ndipo alipoubana na kuuacha.

Kuna jambo jingine alilonifundisha ambalo ningependa kila mwenye nyumba alijue. Mlango ukianza kukwama mwezi Machi, usimwite mtu aupige randa. Mvua ndiyo iliyounenepesha. Ukiupunguza wakati huo, kiangazi kikifika utakuwa na mwanya wa kuingiza vumbi, nyoka na baridi ya alfajiri. Subiri ukauke, ndipo uamue.

Siku ya kuufunga, alipigilia nanga za chuma kwenye fremu zishike ukutani, akainua miguu ya fremu juu ya saruji isiguse udongo, na sehemu isiyoonekana akaipaka oili chafu kwa ajili ya mchwa. Chini ya mlango, kwa nje, alipigilia ubao mwembamba uliochongwa mteremko ili maji ya mvua yadondoke mbali na kizingiti. Alifunga bawaba tatu za inchi nne, akaukomea na kuukomoa mara kadhaa, akasikiliza.

Mlango wa uani ndio ulionigusa zaidi, ingawa ulikuwa wa paini, mbao ya bei nafuu kutoka Sao Hill. Aliukata vipande viwili, nusu ya juu na nusu ya chini, kila kimoja na komeo lake. Mama alikuwa amemwambia kwamba anapenda upepo wa jioni anapopika, ila mbuzi na kuku humwingilia. Sasa hufungua nusu ya juu, akaegemeza viwiko kwenye nusu ya chini na kuongea na majirani huku ugali ukiiva. Hakuna duka ambalo ningeukuta mlango ule, kwa sababu ulitokana na majibu ya mama.

Ufundi huu haujafa. Vyuo vya VETA vinafundisha useremala, na vijana wenye mikono mizuri wapo Bariadi, Maswa na Lamadi. Wanachokosa ni wateja wenye subira. Mteja akija na picha kwenye simu na kusema "nitengenezee hii", fundi mwenye njaa ataitengeneza. Akija na kusema "njoo uione nyumba", fundi atafanya kazi aliyoisomea.

Basi wewe unayejenga mwaka huu, au unayetaka kubadilisha mlango wa wazazi wako, usianze na duka. Mwite fundi nyumbani alasiri, jua likiwa ukutani. Mpe kigoda, mpe maji ya kunywa, na usimharakishe anapoitazama nyumba.